Kiberiti Kinapotiwa Moto

Neno kiberiti lina maana mbili katika Kiswahili. Watu wengi wakilisikia hufikiri juu ya vijiti vya kuwashia moto vinavyouzwa dukani katika visanduku vidogo. Lakini neno hilo, ambalo asili yake ni Kiarabu, ni jina la kitu kingine pia, nacho ni jiwe jepesi la rangi ya manjano ambalo watu wa pwani waliliita kiberiti upele, kwa kuwa lilisagwa, likachanganywa na mafuta, likapakwa mwilini kuponya upele. Shuleni kitu hicho huitwa salfa. Vijiti vya moto navyo vina udugu na jiwe hilo, maana zamani ncha za vijiti zilichovywa katika kiberiti kilichoyeyushwa ili zishike moto upesi, na hata leo kichwa cha kijiti huwa na kiberiti kidogo ndani yake. Katika habari hii neno kiberiti ni jina la jiwe hilo la manjano tu.

Msafiri atokaye Kisumu kwenda Busia hufika Kisian kabla ya kupanda kwenda Maseno. Hapo ndipo barabara ya Bondo inapoachana na ile ya Busia, na reli ya Butere imepita papo hapo. Katika njia panda ya namna hiyo kwa kawaida hapakosekani fundi wa kuziba pancha, fundi wa betri za magari, duka la dawa za mimea, na mwenye kuuza sukari kwa kipimo. Watu hao wote wana kiberiti katika kazi yao, ingawa pengine hawajui. Tena, kabla ya kuwafikia, kiberiti hicho kilipitia kwenye moto.

Kiberiti kikiwa baridi ni kitu kipole. Moto ndio unaokigeuza, na kwa moto huo huo chaweza kuwa msaidizi mkubwa au adui wa mapafu. Kwa hiyo yafaa kila mtu mwenye kukitumia, shambani au nyumbani, ajue jinsi kinavyogeuka.

KIBERITI NI KITU GANI?

Vitu vingi duniani vimeundwa kwa vitu vingine vilivyoungana. Maji, kwa mfano, ni hidrojeni na oksijeni. Lakini viko vitu ambavyo moto na dawa haviwezi kuvitenga kuwa vitu vingine vya asili zaidi, kama dhahabu, chuma, shaba, na kiberiti. Wataalamu huviita elementi. Chembe ndogo kabisa ya elementi huitwa atomu.

Atomu za kiberiti hazikai moja moja. Kwa kawaida nane hushikana zikawa duara, mfano wa kata ambayo mama huiweka kichwani chini ya mtungi. Jiwe la kiberiti ni kata nyingi sana za namna hiyo zilizopangwa pamoja. Kata hizo hazishikani kwa nguvu, ndiyo sababu jiwe lenyewe husagika upesi kama chaki. Haliyeyuki katika maji, halina ladha, na likiwa safi karibu halina harufu. Ile harufu kali ambayo watu husema ni ya kiberiti hutoka katika gesi zinazotokea baada ya kiberiti kuungua au kuungana na kitu kingine.

KIKIPATA MOTO PEKE YAKE

Mwalimu wa kemia akitaka kuwaonyesha wanafunzi tabia ya kiberiti, hutia unga wake katika bomba dogo la kioo, kisha hulipasha moto polepole. Joto likifika karibu digrii 115 za sentigredi, ambalo limezidi kidogo tu joto la maji yanayochemka, unga huyeyuka ukawa maji mepesi ya rangi ya asali.

Kila mpishi ajua kwamba samli au mafuta mazito yakizidi kupata moto huzidi kuwa mepesi. Kiberiti hakifuati desturi hiyo. Joto likipita digrii 160 rangi yake huanza kuwa nyekundu, halafu nyeusi-nyeusi, nacho huwa kizito kama lami. Karibu na digrii 190 bomba laweza kupinduliwa lisimwage hata tone. Sababu yake ni kwamba zile kata za atomu nane hukatika kwa moto. Kila kata iliyokatika huwa na ncha mbili wazi, na ncha hizo hukamatana na za jirani zake mpaka zikawa minyororo mirefu sana. Minyororo hiyo husokotana kama nyuzi za katani, na kitu kilichosokotana hivyo hakiwezi kutiririka upesi.

Moto ukiendelea, minyororo nayo hukatika vipande vifupi, na kiberiti hurudia wepesi wake. Hatimaye, karibu na digrii 445, huchemka na kutoa mvuke. Mvuke huo ukigusa kitu cha baridi hugeuka mara moja kuwa unga mwororo wa manjano, ambao tangu zamani umeitwa maua ya kiberiti.

Jambo la ajabu zaidi huonekana kiberiti cha moto sana kinapomwagwa katika maji baridi. Badala ya kuwa jiwe tena, huwa kitu laini chenye kuvutika kama mpira. Minyororo imepoa ghafula kabla haijapata nafasi ya kurudi kuwa kata. Lakini kitu hicho kikiwekwa siku chache hugeuka chenyewe, kikawa cha manjano na chenye kuvunjika kama zamani. Katika mageuzi yote hayo kiberiti hakikuongezwa kitu wala hakikupunguzwa. Ni kiberiti kile kile kwa umbo lingine.

KIBERITI NA MPIRA

Fundi wa tairi hutumia tabia hiyo ya minyororo kila siku. Utomvu wa mti wa mpira, ukikauka bila kutiwa kitu, hunata wakati wa joto na hupasuka wakati wa baridi kali. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear alivumbua kwamba mpira ukichanganywa na kiberiti na kupashwa moto hupata nguvu, huvutika na kurudi, wala haunati tena juani.

Katika mpira wa kawaida, kiasi cha sehemu 1 hadi 3 za kiberiti hutosha kwa sehemu 100 za mpira, na joto la kiasi cha digrii 150 hufanya kazi. Joto hilo halikiwashi kiberiti. Hukifungua tu, na atomu zake hujenga madaraja kati ya nyuzi za mpira, kama vipago vya ngazi vinavyoshika miti miwili. Fundi anapobandika kiraka cha mpira mbichi na kukibana kwa chuma cha moto, hungoja madaraja hayo yajengeke. Akiharakisha kazi, kiraka kitabanduka njiani.

Madaraja hayo hayafunguki kwa urahisi. Kwa sababu hiyo tairi kuukuu haliwezi kuyeyushwa na kumiminwa upya kama nta au plastiki, na mafundi huona heri kulikata wafanye viatu vya akala. Likichomwa, mpira huharibika na kiberiti kilichomo hutoka katika moshi.

KIKISHIKA MOTO KATIKA HEWA

Hayo yote hutokea kiberiti kisipowaka. Lakini kikipata hewa, joto la kiasi cha digrii 230 hadi 250 latosha kukiwasha, yaani huwaka mapema sana kabla ya kuchemka. Mwali wake ni wa rangi ya samawati na mchana hauonekani vizuri, hata mtu aweza kudhani kwamba hakuna moto.

Kiberiti kikiungua, kila atomu yake hushika atomu mbili za oksijeni zikawa gesi. Kwa uzito, kilo 1 ya kiberiti huchukua kilo 1 ya oksijeni na kutoa kilo 2 za gesi. Basi jivu halionekani, lakini kitu kilichoungua hakikupotea. Kimeingia hewani, tena uzito wake umekuwa maradufu.

Gesi hiyo haina rangi, lakini harufu yake huchoma pua. Ikigusa unyevu wa macho, koo na mapafu hugeuka kuwa asidi. Huleta kikohozi na kubana kifua, na mwenye pumu aweza kushikwa vibaya hata kwa kiasi kidogo. Jambo lingine la kukumbuka ni kwamba gesi hiyo ni nzito kuliko hewa zaidi ya mara mbili, kwa hiyo hupenda kukaa chini. Katika nyumba iliyofungwa madirisha, atakayeivuta kwanza ni yule anayelala sakafuni, na mara nyingi huyo ni mtoto.

Zamani nguvu hiyo ya kuua ilitumiwa kwa makusudi. Mwanzoni mwa karne ya 20 meli zilifukizwa kwa moshi wa kiberiti ili kuua panya wenye kueneza tauni. Katika mji wa Havana, Kuba, mwaka 1901, nyumba zilifungwa na kufukizwa kwa kiberiti au kwa pareto ili kuua mbu wa homa ya manjano. Watu na mali ilibidi vitolewe kwanza, maana moshi wa kiberiti hutia weusi vyombo vya madini na hufifisha rangi za nguo.

Kisian yenyewe ina sehemu katika habari za vita vya watu na mbu, kwa kuwa ndipo kilipo kituo cha uchunguzi cha KEMRI, ambacho wataalamu wake walishiriki katika majaribio makubwa ya vyandarua vyenye dawa huko Asembo na Gem katika miaka ya 1990. Majaribio hayo yalionyesha kwamba vyandarua huokoa maisha ya watoto wadogo. Tofauti ya njia hizo mbili ni rahisi kufahamu. Moshi wa kiberiti huua mbu waliomo ndani usiku huo, kisha huondoka, na kesho yake mbu wengine huingia. Chandarua hubaki mahali pake usiku baada ya usiku, na hakimchomi mtoto mapafu. Kwa hiyo hapana sababu tena ya kufukiza chumba cha kulala kwa kiberiti.

SUKARI NA ASIDI

Gesi hiyo hiyo ikifungwa katika mitambo hufanya kazi njema. Uwanda wa Kano hadi Muhoroni, mashariki ya Kisumu, umekuwa nchi ya miwa tangu kiwanda cha Miwani kilipoanza katika miaka ya 1920. Katika namna moja inayotumika sana ya kutengeneza sukari nyeupe, kiberiti huchomwa ndani ya tanuri lililofungwa, na gesi yake hupitishwa kwa mabomba mpaka katika maji ya miwa yaliyotiwa chokaa. Rangi ya maji hupungua, uchafu hujikusanya na kuzama, na maji safi huchemshwa mpaka sukari ikaonekana.

Katika viwanda vya asidi gesi huendelezwa mbele zaidi. Huchanganywa na hewa na kupitishwa juu ya dawa yenye madini ya vanadi, katika joto la kiasi cha digrii 450. Hapo hushika atomu nyingine ya oksijeni, na baadaye ikiunganishwa na maji huwa asidi ya salfa. Kazi hiyo imefanywa Thika, katika kiwanda cha KEL Chemicals. Asidi hiyo hutumika kutengeneza mbolea, na ikichanganywa na maji hutiwa katika betri za magari, ambamo karibu theluthi moja ya uzito wa maji yake ni asidi. Fundi wa betri hana budi kukumbuka sheria moja: asidi hutiwa katika maji polepole, wala maji hayatiwi katika asidi, maana yatachemka ghafula na kumrukia usoni.

KIKIKUTANA NA MADINI

Kiberiti hupenda sana kuungana na madini. Unga wa chuma uzito wa sehemu 7 ukichanganywa na unga wa kiberiti sehemu 4, bado ni mchanganyiko tu. Sumaku ikipitishwa juu yake huvuta chuma chote na kuacha kiberiti. Lakini ukipashwa moto upande mmoja mpaka ukawa mwekundu, wekundu huo hutambaa wenyewe mpaka upande wa pili, hata moto ukiondolewa. Joto linalouendeleza hutoka katika kule kuungana kwenyewe. Kikipoa, hubaki kitu cheusi ambacho si chuma wala si kiberiti, na sumaku haiwezi tena kuvitenga. Kitu hicho kikitiwa asidi hutoa gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza, ambayo ni muungano wa kiberiti na hidrojeni, nayo ni sumu kali.

Wahunzi tangu kale walipata hasara kwa sababu ya urafiki huo. Chuma chenye kiberiti kidogo tu hupasuka kikigongwa kingali chekundu. Makaa ya mawe huwa na kiberiti ndani yake, na kwa sababu hiyo Waingereza walishindwa kuyatumia vizuri kuyeyushia chuma, mpaka Abraham Darby alipofaulu mwaka 1709 kwa makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza ili kuondoa uchafu. Wahunzi wa Samia, waliosifika kwa majembe yao katika nchi hizi za ziwani, walitumia makaa ya miti, ambayo karibu hayana kiberiti. Hivyo majembe yao yaliepukana na balaa hiyo.

Shaba nayo mara nyingi hupatikana ardhini ikiwa imeungana na kiberiti. Ndivyo yalivyo mawe ya Kilembe, chini ya milima ya Ruwenzori, Uganda. Tangu mwaka 1956 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 shaba hiyo iliyeyushwa Jinja, kando ya ziwa lile lile linalofika Kisian. Katika kazi ya namna hiyo hewa hupulizwa ndani ya madini yaliyoyeyuka. Kiberiti huungua na kutoka kama gesi, tena huongeza joto la tanuri, na shaba hubaki. Huko Kasese yalirundikwa mabaki ya mawe yenye kiberiti, chuma na kobalti. Mvua na hewa vilifanya polepole kile ambacho moto hufanya upesi, na maji ya asidi yakatiririka na kuua mimea.

Zebaki haingoji hata moto. Unga wa kiberiti ukinyunyizwa juu ya zebaki iliyomwagika, viwili hivyo huanza kuungana vikiwa baridi, na mvuke wa sumu hupungua. Jambo hili lafaa kujulikana katika machimbo ya dhahabu ya Migori, ambako zebaki imetumika kushika dhahabu. Lakini muungano huo ukitupwa motoni huachana, na zebaki hutoka tena kama mvuke. Basi uchafu huo hukusanywa kwa koleo, hutiwa katika chombo chenye kifuniko, wala haufagiliwi jikoni wala kuchomwa.

MAMBO YA KUANGALIA

Mkulima anyunyiziaye nyanya au matikiti unga wa kiberiti ili kuzuia ukungu mweupe afanye kazi hiyo asubuhi mapema au jioni. Jua la mchana linapozidisha joto kupita digrii 30, kama inavyotokea mara nyingi kando ya ziwa, kiberiti huunguza majani badala ya kuyaponya.

Gunia la kiberiti lisiwekwe jikoni, wala lisiwekwe pamoja na mbolea zenye naitreti, kama ile inayoitwa CAN. Mbolea hizo zina oksijeni nyingi, na zikichanganyika na kiberiti huufanya moto uwe mkali sana. Vumbi la kiberiti likitanda katika chumba laweza kulipuka kwa cheche moja.

Kiberiti kikishika moto kidogo, kifunikwe kwa mchanga mkavu, na watu wasimame upande unakotoka upepo. Moto ukiwa mkubwa, watu waondoke kwanza na watoto watolewe mbele. Mtu aliyevuta moshi apelekwe penye hewa safi, na kifua kikiendelea kubana apelekwe hospitali bila kukawia.

Matairi yasichomwe kwa kuwashia tanuri wala kwa kuondoa takataka. Pamoja na masizi na sumu nyingine, kiberiti kilichofungwa katika mpira hurudi kuwa gesi ile ile inayochoma kifua, na upepo wa ziwa huipeleka katika nyumba za jirani ambao hawakuwasha moto huo.

Ama mwenye upele, dawa ya mafuta yenye kiberiti bado yatumika, na mganga wa zahanati ndiye atakayeeleza kiasi chake na siku zake. Dawa hiyo hupakwa ikiwa baridi. Mtu asimfukize mgonjwa kwa moshi wa kiberiti akidhani ni kitu kimoja, kwa maana kiberiti kilichoungua si kile tena kilichokuwa katika kopo la mafuta.